Tuwaandike Sifongo wa Mwambani

Wanafunzi wenzangu, na ninyi wazee wetu mliopata kusoma katika shule hii, nina neno nataka kulisema mbele yenu juu ya kiumbe ambaye wengi wetu humkanyaga kila tuendapo pwani, wala hatumuulizi jina. Neno lenyewe ni hili: yafaa sisi vijana wa pwani tuanze kuwaandika na kuwatia katika ramani sifongo wakaao katika vidimbwi vya mwambani, tangu huku kwetu Kenya mpaka Visiwa vya Bajuni na pwani ya Kismayo. Najua wako watakaocheka. Nawaomba wasome kwanza mpaka mwisho, kisha wacheke.

Hapana budi kwanza nieleze sifongo ni nini, maana wengi twalijua jina hilo kwa kile kitu cha dukani cha kuoshea vyombo. Kile siku hizi hufanywa kiwandani, nacho kimeazima jina tu. Sifongo wa kweli ni mnyama. Ndiyo sababu nasema "sifongo huyu" wala sisemi "sifongo hii", ijapokuwa hana macho, wala kinywa, wala tumbo, wala hatembei akiisha kuwa mkubwa. Kwa karne nyingi wataalamu walibishana kama ni mnyama au ni mmea. Katika miaka ya 1820 Robert Grant, mtaalamu wa Scotland, aliweka sifongo hai katika chombo cha maji ya bahari akamtazama kwa makini, akaona maji yakitoka katika matundu yake makubwa kama chemchemi, bila kukoma. Akafahamu kwamba maji yale huingia kwa vinyweleo vidogo mno vilivyoenea mwili mzima. Kutokana na vinyweleo hivyo jamii hii yote ikaitwa Porifera, maana yake wachukuao vitundu.

Kazi yake ni hiyo mchana na usiku. Ndani ya mwili mna vyumba vidogo, na katika vyumba hivyo mna chembe zenye mijeledi midogo inayopiga maji. Maji hupita, vijidudu na chembe za chakula hukamatwa, na maji yaliyochujwa hutoka kwa tundu kubwa. Kwa siku moja sifongo aweza kuchuja maji yaliyo maelfu ya mara kuliko ukubwa wa mwili wake. Mwaka 1907 Henry Van Peters Wilson wa Marekani alimkamua sifongo hai katika kitambaa chembamba hata akawa kama uji wa chembe zilizotawanyika. Chembe zile zikatafutana ndani ya maji, zikashikamana, zikawa sifongo tena. Hebu mfikiri ni mnyama gani mwingine awezaye kufanywa hivyo akapona!

Mifupa yake nayo ni ajabu. Wengine wana miiba midogo ya kioo, isiyoonekana ila kwa hadubini. Wengine miiba yao ni ya chokaa. Wengine hawana miiba ila nyuzi laini zinyonyazo maji, na hao ndio waliokuwa wakiuzwa kwa kuogea tangu zamani za Wayunani. Wataalamu wamekwisha kutambua aina zaidi ya 8,500 duniani, na kila mwaka wanaongeza nyingine.

Sasa nije kwenye pwani yenyewe. Wazee wangu wametoka Chula, nami naandika habari hizi kama Mbajuni aliyezaliwa upande huu wa mpaka. Visiwa vya Bajuni vimejipanga sambamba na bara, toka Kismayo kushuka kusini mpaka karibu na Ras Kiamboni. Majina yajulikanayo zaidi ni Koyama, Ngumi, Chovai na Chula. Vingi vyao ni mwamba wa matumbawe ya kale, mkavu na wenye makali, uliotobolewa na maji kila mahali. Upande wa bara maji yametulia, na mikoko yaota. Upande wa nje mawimbi ya bahari kuu hupiga, hasa wakati wa kusi. Maji yakipwa, mwamba wote huachwa wazi, na katika mashimo yake hubaki vidimbwi, vingine vidogo kama bakuli, vingine mtu aweza kuoga ndani yake. Humo ndimo wakaamo hao ninaowasema: mwekundu aliyejibandika kama rangi iliyomwagika, mweusi kama kaa la moto lililozimika, wa manjano aliye mviringo, wa kijani aliyejificha chini ya ukingo wa jiwe.

Mahali pale pana sababu ya pekee ya kuandikwa. Wakati wa kusi mkondo wa maji hukimbia kwenda kaskazini, na mbele zaidi, katika pwani ya Somalia, maji baridi hupanda kutoka vilindini. Wakati wa kaskazi mkondo wa Somalia hugeuka ukashuka kusini, ukakutana na mkondo utokao kwetu, yote miwili ikageukia bahari kuu. Kwa hiyo matumbawe yaliyo mengi Zanzibar na Mombasa huzidi kupungua kadiri mtu aendavyo kaskazini. Basi pwani ya Bajuni ni kama mpaka wa bahari mbili. Je, sifongo wa kwetu hukoma wapi? Ni yupi avukaye mpaka huo, na ni yupi asiyevuka? Hilo haliwezi kujulikana kwa kukaa darasani. Litajulikana kwa watu kwenda mwambani na kuandika, kidimbwi kwa kidimbwi.

Haifai kusema kwamba hakuna aliyepata kufanya kazi kama hii katika pwani yetu. Mwaka 1897 Robert von Lendenfeld alichapa kitabu kwa Kijerumani juu ya sifongo wa Zanzibar. Katika miaka ya 1901 na 1902 Mwingereza Cyril Crossland alikusanya viumbe vya bahari Zanzibar na katika pwani iliyoitwa wakati ule British East Africa. Wale sifongo wa chokaa aliowapata wakaelezwa na C. F. Jenkin katika mwaka 1908. Mwaka 1993 Mwitalia Gustavo Pulitzer-Finali alitoa habari ndefu ya sifongo wa Afrika ya Mashariki. Huko Somalia kwenyewe, katika miaka ya 1970, wataalamu wa Firenze walikuwa wakichunguza pwani ya Sar Uanle, kusini ya Kismayo, wakaandika mengi mazuri juu ya wanyama wa ufukoni, hasa kaa. Tena Vinigi Grottanelli alikwisha kutoa kitabu kizima juu ya wavuvi wa Kibajuni, mwaka 1955.

Nawashukuru wote hao. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini tazameni, Kijerumani, Kiingereza na Kitaliano vyote vimepewa habari za mwamba wetu, ila Kiswahili hakikupewa. Mvuvi wa Koyama hawezi kukisoma kitabu cha Lendenfeld. Tena wageni hao walikuja msimu mmoja au miwili wakarudi kwao. Mwamba hautaki msimu mmoja. Unataka mtu aliye karibu, awezaye kurudi kwenye kidimbwi kile kile mwaka huu, na mwaka ujao, na mwaka wa tatu. Mtu huyo ni nani kama si mwanafunzi wa pwani?

Sasa nijibu wale wanaopinga.

Wa kwanza ni rafiki zangu wa bwenini wasemao: "Sifongo haliwi, hana bei, ana faida gani?" Nawajibu kwamba faida yake wameinywa hospitali pasipo kujua. Katika miaka ya 1950 mtaalamu Werner Bergmann aliona katika sifongo mmoja wa Bahari ya Karibi vitu vya ajabu, na kwa kuvifuata vitu hivyo ikapatikana dawa iitwayo sitarabini, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1969 kwa kutibu saratani ya damu. Mwaka 2010 ikakubaliwa dawa nyingine, eribulini, ya saratani ya matiti, ambayo asili yake ni kitu kilichopatikana katika sifongo wa pwani ya Japani. Sisemi kwamba dawa imo katika kidimbwi cha Chula. Nasema kwamba asiyejua alicho nacho hawezi kujua thamani yake.

Tena hana bei? Nendeni Jambiani, Unguja. Kina mama wa kule walikuwa wakilima mwani, kazi iliyoanza Zanzibar kwa biashara katika mwaka 1989. Maji ya bahari yakazidi joto, mwani ukawa unakufa. Kuanzia mwaka 2009 yakafanywa majaribio ya kulima sifongo, kwa msaada wa shirika moja lenye wataalamu wa Uswisi. Kipande hukatwa kwa sifongo mama, hufungwa katika kamba ndani ya maji, na baada ya miezi mingi huwa sifongo mzima wa kuogea, akauzwa. Sifongo mama naye huendelea kuishi. Leo wako wanawake wapatao riziki zao kwa kazi hiyo. Lakini kabla ya kulima ilibidi kutafuta: ni yupi laini, ni yupi akuaye upesi, naye apatikana wapi? Bila kumwandika sifongo huwezi kumlima.

Na kwa sisi Wabajuni liko jambo jingine. Wazee wetu walisifika kwa kuvua kasa kwa chazo, yule samaki mwenye kibandiko kichwani. Walimfunga kamba wakamwachilia, naye akaenda akajibandika kwenye gamba la kasa, wakavuta. Ng'amba aliyekuwa akitafutwa sana kwa gamba lake, ambaye leo biashara yake imekatazwa na mataifa, chakula chake ni nini? Mwaka 1988 mtaalamu Anne Meylan alionyesha kwamba ng'amba wa Bahari ya Karibi hula sifongo karibu peke yake, pamoja na ile miiba ya kioo! Basi anayetaka ng'amba warudi pwani yetu na aulize kwanza kama chakula chao kipo.

Wa pili wanaopinga ni watu wa elimu. Wao husema: "Sifongo ni wagumu kutambulika. Wa aina moja aweza kuwa bapa mahali pa mawimbi na kusimama kama vidole mahali palipotulia. Rangi nazo hudanganya. Wanafunzi watakosea majina." Maneno hayo ni kweli, nami siyakatai. Lakini sisemi tuanze na majina ya Kilatini. Nasema tuanze na kuandika tulichoona. Mtu akiandika: "utando mwekundu, laini, matundu makubwa yako safu, chini ya ukingo, kivulini, mwamba fulani, tarehe fulani," akaweka na picha, hakuna uongo ndani yake. Jina laweza kuja baada ya miaka kumi, nalo likija litaikuta habari iko tayari. Lakini habari isiyoandikwa, hata mtaalamu mkubwa hawezi kuirudisha. Tena kumbukeni kwamba mabingwa wenyewe walianza hivyo hivyo. James Bowerbank, aliyeandika kitabu kikubwa cha sifongo wa Uingereza kuanzia mwaka 1864, alikuwa mfanyabiashara. Henry John Carter alikuwa daktari huko Bombay, naye katika miaka ya 1840 alianza kwa kuchunguza sifongo wa maji baridi katika mabwawa ya mji ule, baada ya kazi zake za kila siku.

Wa tatu husema: "Visiwa hivyo viko Somalia, nanyi mko Kenya. Mtafikaje?" Swali hili ni la haki. Mwaka 1991 serikali ya Somalia ilipoanguka, Wabajuni wengi walikimbia kwa majahazi na mashua, wakaja Lamu, Malindi na Mombasa, na baadaye wengine wakafika hata Ulaya. Siwezi kumwambia mwanafunzi wa kidato cha pili afunge safari aende Ngumi. Lakini mwamba hauanzi Ras Kiamboni. Kiunga ni pwani hiyo hiyo, na Kiwayu, na Pate, na watu wake ni wale wale, lugha ni ile ile. Tukianza upande huu kwa njia iliyo nzuri na nyepesi, vijana walio Kismayo na visiwani wataweza kuifuata kwa upande wao, maana simu wanazo na mwamba wanao. Siku ramani mbili zitakapounganishwa, mpaka wa serikali hautaonekana ndani yake, maana sifongo hana pasipoti.

Sasa njia yenyewe. Sisi wachache wa chama cha sayansi tumekwisha kuijaribu katika mwamba ulio karibu, nami naiandika hapa ili atakaye aifuate.

Wakati: twendeni siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanapokupwa sana. Siku hizo katika pwani yetu maji hufika chini kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi. Mfike saa moja kabla, na maji yakianza kugeuka mrudi, hata kama kazi haijakwisha. Mtu asiende peke yake. Avae viatu. Asitie mkono katika shimo asiloliona ndani, maana mna mikunga na samaki wenye sumu. Na sifongo wengine huwasha ngozi, basi haifai kuwashika ovyo.

Mahali: chagueni alama isiyohama, mathalan jiwe kubwa au ukuta wa gofu. Kutoka hapo nyosheni kamba mpaka kwenye maji, mkaandike kila kidimbwi ambacho kamba imekipita. Simu itawapa vipimo vya mahali. Lakini zaidi ya hapo, mwulizeni mzee wa pwani mwamba huo waitwaje, mkaandike na jina hilo.

Habari: kwa kila sifongo andikeni umbo lake, kama ni utando, au mpira, au vidole, au bomba. Andikeni rangi akiwa hai, maana akifa au akitiwa katika spiriti rangi huondoka. Andikeni kama ni laini au mgumu, kama ana harufu, matundu yake yakoje, kama yuko juani au kivulini, na nani jirani zake. Pigeni picha pamoja na rula. Tena kumbukeni kuandika "hatukuona" pale ambapo hamkuona. Neno hilo ni habari kama habari nyingine.

Sisi kwa mfano tuliona jambo hili: juu ya jiwe penye jua sifongo ni haba, lakini ukiinama ukatazama chini ya ukingo ule ule, wamejaa. Mtu asiyeinama angeandika kwamba mwamba ule hauna kitu. Tuliona pia makombe yaliyotobolewa vitundu vidogo vingi kama kwa sindano. Hiyo ndiyo kazi ya sifongo wa jamii ya Cliona, atoboaye makombe na matumbawe akakaa ndani. Yuko na kaa wa jamii ya Dromia, ambaye hukata kipande cha sifongo akakibeba mgongoni kama kofia, ili adui asimwone. Ukiinua jiwe kutazama, lirudishe lilivyokuwa, maana waliokaa kivulini hufa kwa jua.

Kutambua: anayetaka kwenda mbele zaidi achukue kipande kidogo kama ukucha, tena kimoja tu kwa kila namna, na kwa ruhusa ya wenye mamlaka. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyowekwa tangu mwaka 1979, asichukue kitu pasipo ruhusa. Kipande kikitiwa katika dawa ya klorini ya kufulia, nyama huyeyuka na miiba hubaki chini. Miiba hiyo ikiwekwa chini ya hadubini ya shule, mtaona mingine kama sindano, mingine kama nyota, mingine kama nanga. Tone la siki likitoa mapovu, miiba ni ya chokaa. Kazi hii yaweza kufanywa katika maabara yetu kwa jioni moja, mwalimu akiwapo.

Nimekwisha kuieleza njia. Imebaki kusema kwa nini nasema tufanye sasa, wala si baadaye.

Sababu ya kwanza ni bahari yenyewe. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, matumbawe yakawa meupe, na mengi katika pwani yetu yakafa. Waliokuwa wakiipima miamba ya Kenya waliweza kusema kiasi kilichokufa, kwa sababu walikuwa na habari za zamani za kulinganisha. Lakini mkiniuliza katika kidimbwi fulani cha Koyama ni sifongo gani alikuwapo kabla ya mwaka huo, na nani alichukua mahali pake baadaye, nimwulize nani? Sifongo hakimbii kama samaki. Akiwapo yuko pale pale, na asipokuwapo lipo lililomwondoa. Kwa hiyo ni shahidi mzuri wa hali ya maji, lakini shahidi asiyeandikwa maneno yake hafai kitu barazani.

Na sisemi baraza kwa mfano tu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu huko Malindi iliamua kwamba wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe shilingi 1,760,000,000 kwa madhara ya kujengwa bandari mpya. Gati la kwanza la bandari hiyo lilifunguliwa mwaka 2021. Mimi si mwanasheria, wala sipingi bandari, maana wengi wetu tutatafuta kazi huko. Nasema hivi tu: popote pachimbwapo bahari, tope huenea, na tope huziba vinyweleo vya sifongo. Siku watu wa kisiwa watakapoulizwa "kulikuwa na nini hapa zamani?", ni heri wawe na daftari kuliko kuwa na machozi.

Sababu ya pili ni wazee. Wale waliokimbia mwaka 1991 wakiwa watu wazima, leo ni wazee sana. Wao ndio wajuao kila mwamba wa Chula na Chovai kwa jina lake: mahali pa kutega, mahali pa kuokota, mahali ambapo mtoto asikanyage. Kwa Chibajuni wana maneno ya bahari ambayo mimi, mjukuu wao, sijui nusu yake, nami nimesoma Kiswahili miaka kumi na miwili. Twamkuta babu amekaa barazani Mombasa, simu zetu mkononi, hatumwulizi. Akiondoka ameondoka na ramani nzima. Ramani ya sifongo yataka majina ya mahali, na majina ya mahali yamo vinywani mwa wazee hawa. Basi kazi moja itaokoa mambo mawili. Tukimwendea mzee kwa adabu, tukampa shikamoo, tukamwonyesha picha ya kidimbwi na kumwuliza, "Babu, namna hii huko kwenu iko? Nanyi mwaiitaje?", atatuambia mengi kuliko tuliyouliza.

Mwisho, nina maombi matatu. Kwa walimu wetu, naomba chama cha sayansi kipewe ruhusa ya kwenda mwambani siku moja katika kila bamvua, na kabati moja maabarani la kuwekea daftari na vielelezo, ili kazi isife sisi tutakapomaliza mwaka huu. Kwa Mhariri, naomba ukurasa mmoja wa sehemu hii ya Kiswahili, kila gazeti litokapo, uwekwe kwa ajili ya ramani hiyo, kidogo kidogo, maana haba na haba hujaza kibaba. Na kwenu wazee wa shule mlioko Lamu, Malindi, Mombasa, na mlioko ng'ambo, naomba mtuandikie. Aliye na hadubini isiyotumika atuazime. Aliye na baba au mama aliyezaliwa visiwani akae naye jioni moja aandike majina ya miamba, atuletee. Na aliye na ndugu Kismayo au Koyama ampelekee njia niliyoieleza hapo juu, amwombe aanze na kidimbwi kimoja.

Bamvua ijayo sisi tutakuwa mwambani. Anayetaka kuja na alete viatu, penseli na rula. Daftari lipo.